Natengeneza kompyuta za mtaa mzima, kwenye usaili nikakosa la kusema

BARUA

Shikamoo Anti,

Mimi ni kijana wa miaka 27, naishi Mbagala na mke wangu na mtoto wetu mmoja. Nimeajiriwa kama mtunza stoo kwenye ghala moja upande wa Barabara ya Nyerere. Kompyuta nimejifunza mwenyewe tangu nilipomaliza kidato cha nne. Kaka yangu alinunua mashine ya mtumba Kariakoo, ikagoma, nikaifungua, nikaipachika tena, ikawaka. Kuanzia hapo sijaacha. Mtaani wananiita IT. Steshenari mbili, saluni, mwalimu wa tuisheni, hata mchungaji wa kanisa la jirani, wote wakikwama wananipigia mimi. Jioni nikitoka kazini na siku za Jumapili napiga Windows, yaani naiweka upya, nabadilisha skrini na kibodi, naweka SSD (diski ya kisasa yenye kasi), natoa virusi, naunganisha printa. Hela yake si nyingi ila inasaidia, na nikwambie kweli Anti, hata bila hela ningefanya.

Sasa nataka hii ndiyo iwe kazi yangu ya kudumu.

Mwezi uliopita kampuni moja ya mjini ilitafuta msaidizi wa TEHAMA. Sina cheti, lakini mtu wa ndani niliyewahi kumtengenezea mashine aliwaomba wanisikilize. Nikakaa mbele ya watu watatu. Mama mmoja akaniuliza: "Mashine haiingii mtandaoni. Ukitazama anwani yake inaanza na 169.254. Hiyo inakwambia nini?" Nikajibu nitazima ruta niiwashe tena. Akauliza kwa nini. Nikasema mara nyingi huwa inakubali. Akaendelea: "Mtumishi analalamika mashine yake nzito mno. Unaanzia wapi?" Nikasema nitapiga Windows upya. Wakatazamana. Wakauliza mengine mawili matatu kwa upole, wakanishukuru, nikatoka.

Anti, imeniuma. Ninachokigusa kinakubali, ila nikiulizwa kwa nini kimekubali sina jibu. Simu yangu imejaa video nilizoanza nikaziacha njiani: Python (lugha ya kuandikia programu), mitandao, udukuzi. Nimeweka Kali Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, kwa sababu naiona kwenye video za wataalamu. Rafiki yangu anataka tuvunje Wi-Fi ya jirani ili tupate uzoefu. Mjomba anasema bila diploma napoteza muda. Kuna mtu anatangaza kozi ya wiki chache kwa laki sita, anasema ukimaliza unaondoka na cheti cha kimataifa na kazi unatafutiwa. Mke wangu hataki hata kusikia habari ya kuacha stoo.

Niache kazi nikasome? Nilipie ile kozi? Na mtu anajuaje kwamba ametoka kwenye kupenda kompyuta akawa mtaalamu?

Msomaji wako,
Mbagala

JIBU LA ANTI

Marahaba mwanangu. Hongera kwanza kwa kuitwa kwenye usaili bila cheti mkononi. Aliyekuombea nafasi alikuwa ameiona kazi yako, na hilo si jambo dogo.

Nianze na yule mama, maana maswali yake mawili yamebeba karibu kila unachoniuliza. Hakukuuliza jambo gumu. Alitaka kusikia unavyofikiri.

Mashine ikiunganishwa kwenye mtandao huwa inaomba anwani. Anayegawa anwani ni huduma iitwayo DHCP. Nyumbani inakaa ndani ya ruta, ofisini mara nyingi inakaa kwenye seva, kompyuta inayohudumia nyingine. Mashine ikiomba isijibiwe, Windows hujipa yenyewe anwani inayoanza na 169.254. Kwa hiyo namba ile ni taarifa kamili. Inakwambia kadi ya mtandao ipo hai, na waya umeshika angalau kwenye kifaa cha karibu, kwa sababu ungekuwa umechomoka kabisa Windows ingekuonyesha hivyo. Kilichokosekana ni jibu. Hapo unauliza swali moja: ni mashine hii peke yake, au na za jirani? Ikiwa ni hii tu, unakagua waya, tundu la ukutani na mlango wake kwenye swichi, kile kifaa kinachounganisha waya za mashine nyingi. Kikiwa ni chumba kizima, unaifuata swichi. Ikiwa ofisi nzima, unakwenda kwenye DHCP yenyewe, uone kama imesimama au anwani za kugawa zimekwisha. Ukizima ruta ya ofisi kwa sababu ya waya mmoja mbovu, umewakatia kazi watu wote na tatizo umeliacha palepale. Ndiyo maana walitazamana.

Swali la pili linanigusa zaidi, kwa kuwa hapa mjini kila tatizo linamalizwa kwa kupiga Windows. Chukua mashine ya steshenari. Mwenyewe anasema imekuwa nzito, akifungua faili inaganda. Unapiga Windows, wiki mbili inakimbia, anakusifu kwa majirani. Halafu inarudi, safari hii haiwaki kabisa, na barua za watu na kazi za wanafunzi zimo ndani. Diski ilikuwa inakufa tangu siku ya kwanza. Diski zina utaratibu wa kujipima uitwao SMART, na programu ya bure kama CrystalDiskInfo inakusomea vipimo vyake. Kwa diski ya kuzunguka, ile ya zamani isiyo SSD, tazama mistari miwili: namba 05, inayohesabu sekta (vipande vidogo vya diski) zilizoharibika zikahamishwa, na C5, inayohesabu sekta zenye mashaka zinazosubiri. Diski isiyo na hitilafu huwa na sifuri. Ukikuta namba imepanda, na ukipima tena baada ya siku chache imepanda zaidi, jambo la kwanza ni kuhamishia data ya mteja kwenye diski nyingine kabla hujagusa chochote. Ukiipiga Windows diski hiyo unaichosha kwa kuiandika upya, na ushahidi umeufuta kwa mkono wako.

Kama diski ni nzima, fungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha programu zinazofanya kazi, uone nani anakula. Ramu imejaa? Kuna programu moja imekamata prosesa? Au feni imejaa vumbi, mashine inachemka na kujipunguza kasi yenyewe? Mashine inayochemka hata ukiibandika SSD mpya itaendelea kuchemka, na mteja atakuwa amelipia kifaa kisichohusiana na tatizo lake.

Wewe ni mtunza stoo. Boksi halitoki ghalani kwako bila hati, na mkaguzi akija leo anakuta kilichoingia, kilichotoka na nani kasaini. Hiyo nidhamu unayo tayari, wengi wanaopenda kompyuta hawana. Ilete huku. Nunua kauntabuku, kila mashine uipe ukurasa wake. Andika mteja alisema nini kwa maneno yake mwenyewe, wewe umeona nini, unadhani chanzo ni nini, umepimaje kuhakikisha, umebadilisha nini na matokeo yakawaje. Badilisha kitu kimoja kimoja. Ukiongeza ramu, ukatoa virusi na kupiga Windows kwa mpigo, ikikubali hutajua ni kipi kilichosaidia, na ukiulizwa utarudi kwenye "mara nyingi huwa inakubali". Ukikwama, andika umekwama wapi. Kurasa za namna hiyo huwa nazipenda kuliko zile za ushindi, maana ndizo zinazokuonyesha cha kwenda kusoma.

Umeuliza mtu anajuaje amevuka. Nimekaa upande ule wa meza miaka mingi, na ninachokitafuta ni hiki: nikikuuliza "umejuaje?" uwe na jibu, na ukiumwa kesho mwenzako aweze kusoma ulichoandika akaendelea bila kukupigia simu. Anayejua mengi bila haya mawili bado namhesabu kuwa mpenzi wa kompyuta. Na yupo kijana anayejua machache lakini akikwama anasema "hili sijui bado, ila nikipima hapa nitajua". Huyo namwajiri.

Wala usione aibu kwamba ulianza kwa kupenda tu. Linus Torvalds alipotangaza Linux mwaka 1991 alikuwa mwanafunzi Helsinki, na mwenyewe aliandika kwamba anafanya kwa kujifurahisha na haitakuwa kitu kikubwa. Aliiweka kazi yake wazi, watu wakaisoma, wakaikosoa, wakarekebisha palipokuwa na kasoro. Wewe kazi zako anazisoma nani? Mteja anajua tu kama imewaka au haijawaka. Tafuta mtu mmoja wa kukukosoa. Kama ghala lenu lina mtu wa TEHAMA, au fundi anayekuja kuhudumia mashine, mwombe kwa adabu umfuate akiwa kazini na umwonyeshe kauntabuku lako. Pale Kijitonyama kwenye jengo la COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, kuna Buni Hub, wanakutana vijana wa teknolojia. Siku ukipata ruhusa, pita ukaulize wana nini.

Sasa zile video. Futa zote ubaki na mitandao peke yake. Sisemi Python haifai. Nasema mitandao ndiyo unayoigusa kila wiki kwa wateja, na ndiyo iliyokuangusha kwenye usaili. Cisco, kampuni ya vifaa vya mitandao, wanatoa programu ya Packet Tracer bure kwa aliyejiandikisha kwenye Networking Academy yao. Humo unajenga ofisi nzima ndani ya mashine yako, yenye ruta, swichi na kompyuta. Jenga ofisi ndogo, weka DHCP, kila mashine ipate anwani. Ikishafanya kazi, iharibu kwa makusudi. Zima DHCP uone 169.254 ikitokea mbele ya macho yako. Chomoa waya. Weka anwani mbili zinazofanana. Kila ukiharibu, andika dalili yake. Halafu zoea kupima kwa hatua kwa amri ya ping, inayouliza kifaa kingine kama kinajibu: anza na ruta yako, nenda 8.8.8.8 (anwani ya Google iliyoko mtandaoni), malizia na jina la tovuti. Namba zikijibu na jina likagoma, mtandao upo. Lenye tatizo ni DNS, inayogeuza majina kuwa namba. Kipimo hicho ni cha dakika moja na kinakuondolea saa nzima ya kubahatisha.

Baada ya hapo ingia Linux, lakini Kali iweke pembeni. Wanaoitengeneza wenyewe hawaipendekezi kwa mtu ambaye ndiyo kwanza anajifunza Linux. Wameiandaa kwa wanaofanya kazi ya kupima usalama. Imejengwa juu ya Debian, toleo jingine la Linux, basi anzia kwa huyo mzazi. Weka VirtualBox, programu ya kuendesha kompyuta za kuigiza ndani ya mashine yako, nayo ni bure, na kama mashine yako ina ramu ya GB 8 itabeba seva mbili ndogo bila shida. Faili la kuanzia la Debian liitwalo netinst halifiki GB 1, kwa hiyo bando lako halitaisha siku moja, ingawa litavuta mengine kidogo wakati wa kusimika. Uzuri wa Linux ambao wenzetu wenye mtandao wa bure hawauthamini ni kwamba maelezo ya amri nyingi yamo ndani ya mashine: andika man, ruka nafasi, andika jina la amri, usome hata bando likiwa limeisha. Ni Kiingereza kikavu. Kisome hivyohivyo pole pole, kwa sababu kazini utapewa nyaraka za aina hiyo na hakuna atakayekuwekea video.

Habari ya Wi-Fi ya jirani, hapana. Hata kwa majaribio, hata kama mtamwambia baadaye. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahesabu kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini kuwa kosa la jinai, na sitaki mtoto wako akue baba yake akipanda ngazi za mahakama kwa sababu ya mchezo wa jioni moja. Ruta ya kwako mwenyewe ipo, jaribu hapo usiku kucha. Rafiki yako mwambie hivyo hivyo.

Nikiwa hapohapo kwenye sheria, tangu tarehe 1 Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mashine ya saluni ina namba za wateja, ya mchungaji ina siri za waumini, ya mwalimu ina majina ya watoto. Usifungue picha wala faili lisilohusu kazi uliyopewa. Ukihifadhi nakala ili usipoteze data ya mteja, mwambie, na ukishamkabidhi mashine ikiwa salama, ifute kwako. Vilevile achana na programu za kukreki, zile zilizovunjwa ulinzi ili zitumike bila kulipiwa. Nyingi hubeba virusi, na kampuni yoyote makini ikikukuta nazo haitakuamini na seva yao. Wengi wa wateja wako bado wana Windows 10, ambayo Microsoft ilisitisha huduma zake za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za mtumba hazitimizi masharti ya Windows 11. Usiwabandikie Windows 11 kwa ujanja ukanyamaza. Kaa nao uwaeleze hali ya mashine yao, njia walizonazo na gharama ya kila njia, waamue wenyewe. Mazungumzo hayo nayo ni sehemu ya kazi ya TEHAMA, na wewe una bahati ya kuyafanyia mazoezi kila Jumapili.

Kozi ya laki sita usiilipie. Piga hesabu: mtihani wa CCNA peke yake, ambao ni cheti cha mitandao cha Cisco, ada yake ni dola 300 za Marekani, kwa viwango vya karibuni ni zaidi ya laki saba za kwetu, hapo hujamlipa mwalimu. Ule wa A+, cheti cha ufundi wa kompyuta cha CompTIA, ni mitihani miwili na kila mmoja unalipiwa wenyewe. Anayekuahidi mafunzo, cheti cha kimataifa na kazi kwa laki sita, muulize ni cheti gani, kinatolewa na nani, na mtihani unafanyikia wapi. Akianza kukuzungusha, umeshapata jibu. Na akikwambia ana maswali ya mtihani pamoja na majibu yake, ondoka hapo. Ukigundulika unanyang'anywa cheti, na kwenye usaili utarudi palepale ulipokwama juzi. CCNA ni lengo zuri, lakini liweke mbele kidogo. Cheti hicho kinadumu miaka 3, kisha unatakiwa kukihuisha, kwa hiyo kichukue wakati uko tayari kukitumia.

Mjomba wako hajakosea kuhusu diploma, ila amekosea kusema unapoteza muda. Waajiri wengi hapa nyumbani, hasa serikalini, hawakufungulii mlango bila karatasi. Kwa mtu wa kidato cha nne njia inaanzia NTA (mfumo wa ngazi za tuzo za mafunzo ya ufundi) ngazi ya 4, unapanda ya 5, diploma ni ya 6, kila ngazi kwa kawaida ni mwaka mmoja. Chukua matokeo yako ya kidato cha nne uende DIT, chuo cha teknolojia cha Dar es Salaam, pale mjini, uliza vigezo vyao na kama wana masomo ya jioni. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana kituo cha TEHAMA Kipawa, ambacho hakiko mbali na kazini kwako. Hao VETA wana pia utaratibu wa kurasimisha ujuzi kwa waliojifunzia kazini na mtaani: unapimwa unachokijua, unajaziwa pale palipopungua, unapewa cheti. Uliza kama fani yako imo. Nenda mwenyewe na kauntabuku mkononi, usitume mtu wala usiishie kwenye simu.

Kazi ya stoo usiache. Mkeo anaona mbali. Mtoto anakula kila siku, na kujifunza ukiwa na hofu ya kodi ya nyumba hakuendi. Kaa naye mpange jioni zipi ni za wateja, zipi ni za kusoma na zipi ni za nyumbani; punguza wateja kidogo ikibidi, hata hela ikishuka kwa muda. Utaacha stoo siku utakapokuwa na barua ya ajira mkononi, au ukipata chuo ambacho ratiba yake haipatani na kazi na mmeshaweka akiba ya kuwatosha wawili nyinyi na mtoto.

Yule aliyekuombea usaili mrudie. Mshukuru, mwambie umeshajua 169.254 ni nini, na umuulize maswali mengine waliyouliza yalihusu nini hasa. Nafasi kama ile hutangazwa tena.

Na mimi uniandikie. Ukishajaza kurasa kumi za kauntabuku, piga picha ya ule mmoja uliokusumbua zaidi uniletee, majina ya wateja uyafiche. Nitausoma mstari kwa mstari na kukwambia ningeuliza nini kama ningekuwa mimi yule mama.